Perege wa Mwera

Dada yangu alikuwa na siku ya tano hajala kitu kikakaa tumboni. Uji ulirudi. Maji ya dafu yalirudi. Mkate wa mofa, aliokuwa akiupenda tangu utoto, aliutazama tu akageuza uso ukutani. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kabla ya hiyo zilishaharibika mbili, kwa hivyo nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, hapakuwa na mtu aliyelitaja neno lenyewe. Mama alisema "hali yake". Mimi nikisema "mambo ya dada". Shemeji alikuwa Pemba kwa kazi, dada akarudishwa kwa mama ili atazamwe vizuri, na mimi, mdogo wake wa miaka kumi na tisa, nikawa mwanamume wa pekee katika nyumba ile. Cheo hicho kilinipendeza sana, ingawa kazi yake kubwa ilikuwa kumwaga beseni.

Balaa yetu ilikuwa samaki. Malindi hewa yenyewe ni samaki, na chakula kisicho samaki kwetu kilikuwa kama salamu isiyojibiwa. Lakini dada hakuweza tena kuvumilia kitu chochote kilichotoka pwani. "Harufu ya bahari imeniingia puani, haitoki," alisema. Mama akafunga madirisha ya upande wa bandari, akafukiza udi. Udi nao ukamtapisha.

Alhamisi jioni nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya kitanda chake, nampepea kwa kipepeo cha ukindu. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani na macho yamekuwa makubwa. Akanambia, "Unajua nnachokitaka?"

"Sema tu, dada."

"Utacheka."

"Sicheki, wallahi."

"Perege. Wale wa mferejini, Mwera. Chukuchuku, kama alivyokuwa akipika shangazi."

Nikacheka.

Marehemu shangazi yetu alikuwa ameolewa Mwera, na tulipokuwa wadogo, shule zikifungwa, tulipelekwa kwake. Dada ndiye aliyekuwa akiingia mferejini na watoto wa huko, wakirudi na samaki waliopauka kama wamefuliwa, na shangazi akiwachemsha kwa chumvi na ndimu tu. Mimi nilikuwa mdogo mno. Kazi yangu ilikuwa kukaa ukingoni nikamshikia viatu.

Mama aliposikia alishika kiuno. "Samaki wa tope? Mtoto wa Malindi huyu, aliyezaliwa changu yuko mezani?" Kwetu sisi samaki wa maji matamu hakuwa samaki. Alikuwa mdudu wa mpunga. Darajani hakuuzwa, na aliyemuulizia sokoni alionekana mtu wa kuombewa dua. Ikiwa dada atampata, lazima mtu akamvue.

"Kesho Ijumaa," nilisema, kama aliyevua perege maisha yake yote. "Kesho jioni utakula."

Dada alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na tabasamu lile ndilo lililoniponza, kwa sababu usiku kucha niliota nimeshika samaki mkubwa kama mlango.

Nilikuwa nikifanya kazi Darajani, katika duka la misumari, kamba, rangi na vifaa vya uvuvi. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini ndoana nilizijua kwa ukubwa, kwa mkunjo na kwa chuma chake. Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kibanyani ambaye tangu azaliwe hajatia samaki mdomoni, na ndiye aliyewauzia ndoana wavuvi wa nusu ya kisiwa. Asubuhi ile nilipita kumwomba ruhusa. Nikamwonyesha nilivyochukua: mshipi mnene wa baharini, ndoana mbili kubwa, na pande la risasi la kuzamishia.

Aliitazama ile ndoana, akaishika kwa ncha za vidole.

"Unakwenda kuvua papa?"

"Perege, tajiri. Kwa ajili ya dada."

"Perege atapita katikati ya ndoana hii na mizigo yake."

"Samaki ni samaki, tajiri. Sisi watu wa Malindi tunawajua."

Alifungua saraka, akatoa ndoana tatu ndogo kama kucha ya mtoto na mshipi mwembamba, akavifunga katika kipande cha gazeti, akanitia mwenyewe mfukoni. "Mwambie dada yako, nyumbani kwangu tunamwombea," alisema. Nikatoka mbio. Njiani nikanunua mkono mzima wa pweza kwa chambo, kwa sababu hakuna samaki anayemkataa pweza.

Gari ya shamba ilinishusha Mwera saa mbili. Masika yalikuwa yanaishaisha. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na bonde lote lilikuwa linatoka mvuke. Kulikuwa na ziwa dogo lililojaa mpaka ukingoni, mayungiyungi yamechanua juu yake, na kutoka hapo mfereji ukienda moja kwa moja katikati ya mashamba ya mpunga, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Mpunga ulishatoa mashuke, nusu kijani, nusu ya dhahabu. Sikujua kama nchi yangu ni nzuri hivi, na iko mwendo mfupi tu kutoka dukani. Nilichagua mahali penye kivuli, nikafunga ndoana kubwa, nikatia pweza, nikatupa. Risasi ilizama ikajichimbia topeni. Nikakaa kimya, kwani nilishasikia kuwa samaki hutaka utulivu.

"Hoyaaaa! Haiyaaaa! Tokeni, tokeni!"

Niliruka nusura nitumbukie. Juu ya mpunga, katika dungu, kile kibanda cha miti mirefu wanachokaa watu wanaofukuza ndege, alisimama mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, mkononi ana kombeo. Alipiga debe mara tatu, akazungusha kombeo, na bonge la udongo likapita juu ya mashuke. Kundi la mashomoro likainuka kama moshi. Bonge likaanguka majini, hatua mbili kutoka kwangu.

"Nani huyo chini?" aliita.

"Mimi, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nani?"

"Mtu wa Malindi. Nimekuja kuvua."

"Malindi! Bahari mmeshaimaliza?"

Kutoka madungu ya mbali, ambako kila shamba lina mwamiaji wake, nikasikia vicheko. Nikajitahidi kucheka nami. Nikatulia tena. Akapiga debe tena. Nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikainua kichwa.

"Bi mkubwa, samahani sana. Hungeweza kupunguza sauti kidogo? Samaki wanakimbia."

Aliinama kwenye ukingo wa dungu akanitazama kwa huruma. "Na mashomoro je? Niwaombe wale kwa adabu?"

Basi tukaendelea hivyo, mimi nataka kimya, yeye anataka kelele, na shamba ni lake. Jua likapanda. Pweza wangu hakuguswa hata na kaa. Karibu na saa tano, ndege walipopumzika kwa joto, yule bibi aliteremka kunywa maji, akaja kuona ninachofanya. Aliuvuta mshipi wangu mwenyewe, bila kuomba, akatoa ile ndoana, akatoa ule mkono wa pweza, akaushika mbele ya uso wake.

"Hiki nini?"

"Pweza, bi mkubwa. Samaki wote wanampenda."

"Perege huyu kamwona wapi pweza?" Alicheka mpaka akashika mti wa dungu. "Lini kateremka pwani? Jamani, njooni mwone, kaja kuwakirimu!" Halafu akafuta machozi kwa pembe ya kanga, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha kutoka chakula chake. "Sagasaga huu. Kipande kama punje ya mbaazi. Na hilo lirisasi uliondoe, utaua chura."

Nikazikumbuka zile ndoana za gazetini. Nikakata ufito, nikafunga mshipi mwembamba, na kwa boya nikatumia kipande cha bua kavu alichonitupia. Mara hii kilikaa juu ya maji, kinatetemeka kidogo, kizuri kukitazama. Nikatazama, na hapo ndipo ulipo ubaya wangu. Nikipewa kitu kizuri cha kutazama, huanza kuota. Nikamwona mtoto wa dada, kanzu nyeupe, kofia imemwelemea masikioni, ananiita mjomba. Namfundisha kufunga ndoana. Ananiuliza kwa nini yungiyungi halizami, nami najibu vizuri sana.

"Boya! Boya hilo! Wee mtu wa Malindi, umelala?"

Nilivuta. Muhogo hamna, samaki hamna. Ikawa hivyo mara tatu, na kila mara aliyeona wa kwanza alikuwa yeye, kule juu.

Sala ya Ijumaa niliisali msikiti wa pale pale Mwera, miguu nimeikosha mpaka magotini. Katika dua sikuomba mengi. Niliomba perege mmoja. Niliporudi mfereji ulikuwa umetulia, ndege bado wamelala, na yule bibi kakaa kimya dunguni anasuka ukili wa mkeka. Gari ya mwisho ya mjini ilikuwa ikipita saa kumi na moja. Mara hii niliyakaza macho kwenye boya nikajikataza kufikiri.

Boya likazama. Nikavuta, na ufito ukajikunja.

Alikuwa mkubwa kuliko kiganja changu, mweusi mgongoni, tumbo rangi ya jani kavu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nilimtia katika ndoo niliyokuja nayo, yenye maji, nikainama kumtoa ndoana mdomoni, na ilipotoka tu akafungua mdomo akatema. Nilidhani anatema tope. Halafu tope likaogelea.

Vilikuwa vitoto. Vingi, kila kimoja chembamba kama uzi wa sindano, na macho mawili meusi yaliyokizidi mwili. Vilitawanyika ndooni kama vimechanganyikiwa. Nikamtazama mama yao, koo lake limelegea kama mkoba uliomwagwa, na nikafahamu kuwa alikuwa amewabeba mdomoni. Sikujua kama samaki hufanya hivyo. Samaki wote ninaowajua mimi hufika Malindi wameshakufa.

Nilichuchumaa pale muda mrefu. Mambo yalikuwa wazi: samaki ninaye, gari iko karibu, dada ana njaa. Mtu mwenye akili angemfunika kwa jani la mgomba akaondoka. Nililikata jani. Nililishika mkononi. Nikajilazimisha kufikiri juu ya mchuzi, lakini nikamwona dada alivyorudi kutoka hospitali ile mara ya pili, anapanda ngazi, kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya mtoto kaikunja chini ya mkono, na ule mkono mwengine haujui ukae wapi. Mama alikuwa kaificha ile kanga siku hiyo hiyo. Hatukuiona tena.

Nikaizamisha ndoo mferejini polepole, penye majani. Perege akatoka. Hakukimbia. Alisimama kwenye maji ya kina cha shubiri moja, mdomo wake unavuja uzi wa damu, na vile vitoto vikamkusanyikia kichwani. Kisha akafungua mdomo, vikaingia, kama watoto wa chuoni mvua inapoanza. Viwili vilichelewa. Akavingoja. Halafu akapiga mkia, maji yakafumba.

"Umemwacha!" sauti ilitoka juu. "Wee! Siku nzima mimi nakulindia boya, umempata, umemwacha?"

"Alikuwa na watoto mdomoni, bi mkubwa."

"Najua alikuwa na watoto. Na sisi wenyewe huwarudisha. Lakini wewe nani kakufundisha?"

Nilitaka kujibu mzaha. Badala yake nikamweleza yote, nimesimama na jani tupu la mgomba: dada, siku tano, mimba mbili zilizotangulia, shangazi, chukuchuku. Nililitaja neno lile kwa sauti mara ya kwanza, mbele ya mtu nisiyemjua. Debe lake lilinyamaza muda mrefu hata ndege wakashuka nyuma yake, na yeye hakugeuka.

"Ana miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na zile?"

"Zote zilitoka mwezi wa nne."

Ndipo alipowasikia mashomoro. "Lahaula! Wananimaliza hawa!" Akawatupia bonge, kisha akateremka ngazi mbio, akanitia kombeo mkononi. "Panda juu. Kelele unazijua?"

"Mimi mtu wa Darajani, bi mkubwa."

"Basi leo uza. Ndege akitua hata mmoja, samaki huna."

Mimi nikapanda, yeye akachukua ndoo yangu, akaingia katika kijifereji cha pembeni. Kombeo halikunikubali, bonge la kwanza lilinipiga kisogoni. Nikaliacha, nikashika debe, na kwa kuwa sikujua maneno wanayotumia waamiaji, nikanadi kama sokoni. "Haya changu! Haya tasi! Kolekole huyu, leo leo, kesho hapatikani! Bi mkubwa usipite, tazama jicho lake!" Mashomoro waliinuka wote. Kutoka dungu la pili mtu akaita, "Mnada wa wapi huo?" na kutoka la tatu mwingine akajibu, "Nkatie kichwa cha nguru!" Bonde zima likaingia kunadi. Nilinadi kila samaki niliyemjua jina, nikarudia tangu mwanzo. Sauti ilikwaruza, ikapasuka, lakini ndege hakutua.

Kati ya samaki na samaki nilikuwa nikimtazama. Alikuwa ameziba kijifereji kwa tope huku na huku, anachota maji na kuyamwaga nje, mgongo unainuka na kuinama, bila kupumzika. Maji yalipobaki ya kufunika vifundo vya miguu, aliingiza mikono chini ya majani. Kila samaki aliyemtoa alimfungua mdomo kwanza kwa kidole gumba, akamtazama kama daktari. Mmoja akamrudisha upande wa pili. Mwingine pia. Waliobaki akawatia ndooni. Alipomaliza aliibomoa mizibo kwa mguu, maji yakarudi mahali pake.

"Wane," alisema. "Wote madume. Na limau hili la nyumbani kwangu, ndimu za mjini kavu. Asiwale kwa wingi siku ya kwanza. Mchuzi kwanza."

Nilijaribu kumshukuru, ikatoka sauti kama mlango wenye kutu.

"Nyamaza, utajiumiza. Ijumaa ijayo uje tena, mpunga wangu bado majuma matatu. Ukija na pweza nakuchapa."

Niliikimbilia gari, ndoo kifuani, maji yananimwagikia kanzu yote, abiria wananiuliza habari za samaki na mimi naitikia kwa kichwa tu.

Mama aliwapokea samaki jikoni bila kusema neno la tope. Akawaparura, akawachemsha kwa chumvi, akawakamulia lile limau. Harufu yake ilikuwa ya majani na mvua, ya pwani haikuwamo. Dada akaletewa bakuli, akaomba tutoke, kwani hakutaka kutazamwa. Tukasimama ukumbini nyuma ya pazia, mimi na mama, adhana ya magharibi inaanza. Mama alikuwa na beseni mkononi, tayari.

Tukasikia kijiko. Kikanyamaza. Tukasikia kijiko tena. Halafu bakuli likawekwa chini, na kimya kikawa kirefu. Mama akapiga hatua, nikamshika mkono. Aliniangalia, midomo yake inakwenda, anasoma kitu kimoyomoyo. Adhana ilikwisha. Hatukusikia kukohoa, hatukusikia kuitwa.

"Mama!" dada aliita, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ya mtu anayedai. "Vichwa mmempa nani?"

"Hajapewa mtu, mwanangu."

"Basi vileteni huku. Na mchuzi uliobaki, msiumwage."

Mama aliliweka beseni sakafuni, akalivuka, akaenda jikoni.